Udongo Uwahi Ungali Maji: Mwanzo wa Pumu na Mzio kwa Mtoto



Mzazi aliyekesha na mtoto aliyebanwa na kifua, akifika hospitali asubuhi huwa na swali moja: hii pumu kaitoa wapi, mbona kwetu hakuna? Majirani wanakuwa wamekwisha kumjibu. Mmoja kasema ni baridi, mwingine vumbi, wa tatu kasema mtoto aliachishwa ziwa mapema, na wa nne, aliyewahi kusoma mawili matatu, kasema watoto wa siku hizi wanalelewa kwa usafi mno. Kila jibu lina chembe ya ukweli, na kila moja likishikwa peke yake hupotosha. Jioni hii nataka kulijibu swali la mzazi huyo kwa kadiri utafiti unavyoturuhusu.

Pumu ni ugonjwa wa njia za hewa. Kuta zake huvimba, hutoa makohozi mazito, na misuli inayozizunguka hukaza, mtoto akawa anahema kwa taabu huku kifua kinalia. Mzio ni kinga ya mwili kukishambulia kitu kisicho na madhara: chavua, kinyesi cha utitiri wa vumbini, yai, karanga. Mara nyingi maradhi haya huandamana. Mtoto huanza na ukurutu, ambao wengi wetu tunauita pumu ya ngozi, kisha huja mzio wa chakula, kisha kifua na mafua yasiyokwisha. Hata hivyo si kila mwenye pumu ana mzio, na katika nchi zisizo tajiri wenye pumu bila mzio ni wengi zaidi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 262 walikuwa na pumu, na watu 455,000 walikufa kwayo.

Nasaba ina sehemu yake. Mtoto ambaye mama au baba ana pumu yumo hatarini kuliko mwenzake. Lakini nasaba ya watu haibadiliki ndani ya nusu karne, na katika nchi nyingi pumu na mzio vimeongezeka ndani ya muda huo huo. Kwa hiyo lazima tutazame mazingira, hasa yale yanayomkuta mtoto tumboni na katika miaka yake ya mwanzo. Hoja yangu ni hii: kitu kile kile chaweza kumjenga mtoto au kumharibu, kutegemea kimemfikia lini na kwa njia ipi. Anayeuliza tu "ni kitu gani kinaleta pumu?" ameuliza nusu ya swali.

Mapafu huanza tumboni

Matawi makuu ya njia za hewa hukamilika mimba ikiwa na wiki 17 hivi. Wapo akina mama ambao kufikia hapo hawajahudhuria kliniki hata mara moja. Vifuko vidogo vya hewa huanza kujengeka baadaye, na vingi hutokea baada ya kuzaliwa. Kwa hiyo mtoto huzaliwa na ramani ya njia zake za hewa tayari imechorwa, na kama zilichorwa nyembamba, hataweza kurudi nyuma azipanue.

Ushahidi mzuri ulitoka mji wa Tucson, Marekani. Kuanzia 1980, watafiti walisajili watoto wachanga 1,246 wakawafuatilia kwa miaka mingi. Walipofika umri wa miaka 6, karibu nusu walikuwa wamewahi kulia kifua. Matokeo ya 1995 ya Fernando Martinez na wenzake yalionyesha kwamba watoto hao hawakuwa kundi moja. Wako waliolia kifua kabla ya miaka 3, kisha wakaacha kabisa. Hawa walipimwa mapafu wakiwa na miezi michache, kabla ya kuugua kifua hata mara moja, wakakutwa tayari na njia za hewa zisizopitisha vizuri. Na mama zao walikuwa wavutaji sigara zaidi kuliko mama wa wengine. Kundi jingine liliendelea kulia kifua hadi umri wa shule, na humo ndimo mlimokuwa na pumu yenyewe na mzio.

Funzo ni mawili. Kwanza, kifua kinacholia kwa mtoto wa mwaka mmoja si lazima kiwe pumu, na mzazi asihukumiwe mapema. Pili, moshi uliomfikia mama ulimfikia na mtoto, na alama yake ilionekana kabla hajavuta hewa ya dunia kwa miezi mingi.

Kwetu Afrika Mashariki wanawake wavutao sigara ni wachache, lakini tusijipongeze haraka. Mjamzito anayepuliza kuni au kupika kwa mkaa ndani ya chumba kisicho na dirisha anavuta moshi kila siku. Huko Ghana, katika eneo la Kintampo, watafiti waliwapima wajawazito kiasi cha kaboni monoksidi walichovuta kutokana na kupikia. Wale waliovuta zaidi walizaa watoto ambao mapafu yao, yalipopimwa siku 30 baada ya kuzaliwa, yalikuwa dhaifu zaidi.

Kitinda mimba na mtoto wa zizini

Tuje kwa jirani yetu wa nne, yule wa usafi. Maneno yake yana asili ya kuheshimika. Mwaka 1989 daktari Mwingereza David Strachan alichapa makala fupi kuhusu watoto 17,414 wa Uingereza, wote waliozaliwa katika wiki moja ya Machi 1958. Aligundua kwamba mtoto mwenye kaka na dada wengi wakubwa alikuwa na nafasi ndogo ya kupata mafua ya mzio. Kifungua mimba ndiye aliyeumia zaidi. Strachan akapendekeza kwamba labda maambukizi ya utotoni, yanayoletwa nyumbani na ndugu, humkinga mtoto na mzio.

Ukuta wa Berlin ulipoanguka mwaka huo huo, ilipatikana nafasi ya kupima jambo hili kwa njia nyingine. Erika von Mutius, daktari wa watoto wa Munich, aliwalinganisha watoto wa mji wake na wale wa Leipzig na Halle, miji ya Ujerumani Mashariki iliyogubikwa na moshi wa makaa ya mawe. Wengi walitarajia kwamba watoto wa mashariki wangekuwa na pumu na mzio zaidi. Ikawa kinyume. Mkamba ulikuwa mwingi zaidi mashariki, kwa maana moshi ulifanya uharibifu wake, lakini mzio wa kupimwa ngozini ulikuwa karibu maradufu kwa watoto wa Munich. Watoto wa watu wa taifa moja walioishi chini ya mifumo miwili kwa miaka 40 walikuwa wametofautiana kiasi hicho.

Uchunguzi ukahamia mashambani. Katika vijiji vya Austria, Ujerumani na Uswisi, watoto waliolelewa na wafugaji walikuwa na mzio na pumu kidogo kuliko majirani zao wasio wafugaji. Matokeo yaliyochapwa mwaka 2001 yanastahili kutuliziwa akili. Watoto walioingia zizini na kunywa maziwa ya shambani kabla ya kutimiza mwaka mmoja walikuwa na pumu kwa asilimia 1. Walioanza kati ya mwaka mmoja na mitano walikuwa nayo kwa asilimia 11. Zizi ni lile lile na ng'ombe ni wale wale. Tofauti ni miezi.

Mwaka 2016 ulitoka ulinganisho wa jamii mbili za wakulima Wakristo wa Marekani zenye asili ya karibu sana huko Ulaya, Waamishi na Wahuteri. Waamishi hulima kwa farasi na kufuga ng'ombe karibu na nyumba, watoto wakicheza humo humo. Wahuteri hulima mashamba makubwa ya mashine, na watoto wadogo hawafiki mabandani. Pumu ilikuwa asilimia 5.2 kwa watoto wa Waamishi na asilimia 21.3 kwa wa Wahuteri. Vumbi la nyumba za Waamishi lilikuwa na mabaki ya bakteria karibu mara saba ya lile la Wahuteri, na lilipotiwa puani mwa panya wa maabara liliwakinga na dalili za pumu.

Maana yake ni kwamba kinga ya mtoto huzaliwa haijui adui ni nani, nayo hujifunza kwa kukutana na vijidudu vingi vya aina nyingi visivyomuua. Ikinyimwa somo hilo mapema, huja kulipukia chavua na utitiri. Hapa lazima nimkatize jirani yetu kabla hajaondoka na hoja nusu. Haya si mafunzo ya kuacha kunawa mikono. Mtoto anayeharisha kwa maji machafu hafundishwi chochote, anapotea. Na maziwa mabichi huweza kubeba kifua kikuu cha ng'ombe na homa ya kutupa mimba, magonjwa yaliyopo katika mifugo yetu. Maziwa yachemshwe.

Mji, kijiji na mahali pa kuzaliwa

Afrika ilikwisha kuonyesha tofauti ya mji na shamba. Zimbabwe, katika utafiti uliochapwa mwaka 1991, watoto wa shule walikimbizwa kisha wakapimwa pumzi. Walioonyesha njia za hewa kubana walikuwa asilimia 5.8 katika mitaa ya wenye nacho ya Harare, asilimia 3.1 katika mitaa ya wanyonge ya mji huo huo, na asilimia 0.1 tu katika vijiji vya Wedza. Kenya, katika utafiti uliochapwa mwaka 1998, kipimo kama hicho kilitoa asilimia 22.9 kwa watoto wa Nairobi na 13.2 kwa wa Murang'a. Usizilinganishe takwimu za nchi moja na nyingine, kwa sababu vipimo vilitofautiana, tazama mwelekeo.

Uganda ikatupeleka mbali zaidi. Harriet Mpairwe na wenzake walichunguza wanafunzi wa eneo la Entebbe na Wakiso, wenye pumu na wasio nayo, waliosoma shule za eneo moja. Waliozaliwa mjini walikuwa na uwezekano wa kuwa na pumu zaidi ya mara mbili ya wale waliozaliwa kijijini, ingawa sasa wote waliishi na kusoma pamoja. Mahali alipozaliwa mtoto palikuwa bado panazungumza kifuani mwake miaka kumi baadaye.

Minyoo

Hapo hapo Entebbe ulifanyika utafiti ambao kila mkunga wa Afrika Mashariki angefaa kuujua. Kati ya 2003 na 2005, wajawazito 2,507 waligawanywa kwa bahati nasibu. Wengine walipewa albendazole ya minyoo na wengine kidonge kisicho na dawa. Vivyo hivyo kwa prazikwanteli, dawa ya kichocho. Shabaha ilikuwa kujua kama kutibu minyoo kunamsaidia mtoto. Likatokea lisilotazamiwa: watoto wa mama waliopewa albendazole walipata ukurutu utotoni kwa asilimia 80 hivi zaidi ya wenzao. Kwa mama wenye kichocho cha tumbo waliopewa prazikwanteli, hatari ilizidi mara mbili.

Minyoo hukaa mwilini kwa miaka kwa kuituliza kinga ya mwenyeji wake. Inaelekea kwamba utulivu huo wa mama humfikia na mtoto tumboni. Lakini sikilizeni na upande wa pili. Katika visiwa vya Koome, ndani ya Ziwa Victoria, vijiji 26 vya wavuvi viligawanywa: vingine vikapata dawa za minyoo mara kwa mara kwa miaka 3, vingine kwa utaratibu wa kawaida. Mwisho wa yote, kulia kwa kifua na mzio havikutofautiana. Dawa zile zile zilizohusishwa na ukurutu zilipotolewa wakati wa mimba hazikuongeza mzio zilipogawiwa kijiji kizima cha watu waliokwisha kukua na minyoo.

Asiondoke mtu hapa akasema mhadhiri amekataza dawa za minyoo. Minyoo ya safura hunyonya damu, na upungufu wa damu huua wajawazito. Ukurutu unatibika. Mwanamke anayepewa dawa hizo kliniki azimeze.

Mdomo na ngozi

Mfano ulio wazi kuliko yote wa jinsi wakati na njia vinavyoamua ni karanga. Mwaka 2000 madaktari wa watoto wa Marekani waliwashauri wazazi wenye watoto walio hatarini wasiwape karanga hadi watimize miaka 3. Ilionekana busara: kinachodhuru kiepukwe. Mzio wa karanga haukupungua, ukaongezeka, na ushauri ukafutwa mwaka 2008.

Mwaka huo huo Gideon Lack wa London na wenzake waliwalinganisha watoto wa Kiyahudi wa Uingereza na wa Israeli. Wale wa Uingereza walikuwa na mzio wa karanga mara kumi zaidi. Nasaba inakaribiana, tofauti ni kwamba watoto wa Israeli huanza kula vitafunio vya karanga kabla ya mwaka mmoja. Lack akajaribu rasmi. Alichukua watoto 640 wa miezi 4 hadi 11, wote wenye ukurutu mkali au mzio wa yai. Nusu waliepushwa na karanga, nusu walilishwa kila wiki. Matokeo yalitoka 2015: walipofika miaka 5, asilimia 17.2 ya walioepushwa walikuwa na mzio wa karanga, dhidi ya asilimia 3.2 ya waliolishwa.

Kwa nini kuepuka kudhuru? Kwa sababu karanga haikai nje kwa kuwa umeinyima njia ya mdomo. Chembe zake zimo vumbini, vidoleni na kitandani, na kwa mtoto mwenye ukurutu hupenya ngozi iliyochubuka. Utafiti wa Bristol uliochapwa 2003 ulikuwa umeonyesha kwamba watoto waliopakwa mafuta yenye karanga kwenye ngozi yenye vipele ndio waliopata mzio huo zaidi. Mwaka 2006 watafiti wa Dundee, Uskoti, waligundua kwamba wengi wenye ukurutu wana hitilafu ya kurithi katika protini inayoziba ngozi. Chakula kilichopita mdomoni kwanza, kinga hukizoea. Kilichopita kwenye ngozi iliyopasuka hupokewa kama adui.

Bibi zetu waliosaga karanga wakazitia kwenye uji wa mjukuu wa miezi 7 hawakusoma makala hizo, na walikuwa sahihi. Wako pia wanaoamini kwamba pumu ya ngozi ikitibiwa huingia kifuani. Ukweli ni tofauti: ukurutu ulioachwa wazi ndio mwanya ambao mzio huingilia. Utibiwe mapema, na ngozi ipakwe mafuta mazito yasiyo na manukato.

Moshi hauna somo

Baada ya kusifu vumbi la zizini, huenda mtu akasema na jiko la kuni ni mazingira ya asili. Sivyo. Vijidudu vya zizini hufundisha kinga. Moshi hauifundishi chochote. Huunguza utando wa njia za hewa, hudhoofisha ulinzi dhidi ya vichomi, na kichomi cha utotoni chenyewe hupunguza nguvu ya mapafu. Uchunguzi uliofanywa Paarl, karibu na Cape Town, umeonyesha kwamba mtoto aliyeugua kichomi katika mwaka wa kwanza ana mapafu dhaifu zaidi afikapo mwaka mmoja. Na huko Madison, Marekani, watoto wenye nasaba ya mzio waliolia kifua kwa sababu ya kirusi cha mafua ya kawaida kabla ya miaka 3 walikuwa na uwezekano wa kuwa na pumu wakiwa na miaka 6 karibu mara kumi ya wenzao.

Kwa watu wa Pwani na Oman nina neno zaidi. Desturi yetu ni kumfukiza mzazi na kichanga kwa udi na ubani. Utafiti wa Oman ulionyesha kwamba kufukiza hakukuhusiana na kuenea kwa pumu, lakini kwa mtoto aliyekwisha kuwa nayo kulikuwa kichocheo cha mara kwa mara cha kubanwa. Harufu nzuri ifukizwe sebuleni au uani, isiwe chumbani mwa mtoto. Na dawa ya mbu ya kuwasha iachwe, kitundikwe chandarua.

Tufanye nini

Kwa mjamzito: ahudhurie kliniki mapema, asikae penye moshi wa sigara wala wa jiko, na mume anayevuta atoke nje. Kwa kichanga: maziwa ya mama, ambayo hupunguza vichomi, chanjo zote kwa wakati, na asipewe antibiotiki kwa kila mafua. Kuanzia miezi 6 apewe vyakula vya aina nyingi, pamoja na yai lililoiva na karanga zilizosagwa. Karanga ziwe safi, zisizo na sumukuvu, na asipewe nzima, zisije zikampalia. Mwenye ukurutu mkali aonwe na daktari kwanza. Mtoto aache kufungiwa ndani. Acheze uwanjani, aguse mbuzi, kisha anawe mikono ale.

Kwa wazazi ambao mtoto wao amekwisha kupata pumu: kosa si lenu, na mtoto hajapotea. Dawa ya kuvuta ya kuzuia itumike kila siku kama alivyoandikiwa. Haizoeshi mwili wala haigeuki kilevi, kama watu wanavyohofia. Anayeikimbia ndiye anayerudi hospitali usiku. Na asiye na kifaa cha kupitishia dawa asikate tamaa: mwaka 1999 Heather Zar na wenzake wa Cape Town walithibitisha kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa chini na kuzibwa vizuri kwenye pampu, hufanya kazi sawa na kifaa cha dukani.

Kwa wenye mamlaka: Tanzania imejiwekea lengo kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya wananchi wawe wanatumia nishati safi ya kupikia. Lengo hilo hutajwa zaidi kwa ajili ya misitu. Naomba lisomwe pia kama mpango wa afya ya watoto, na mitungi ya gesi ianze kufika kwa wajawazito kabla ya wengine, kwa sababu mtoto aliye tumboni leo hawezi kungoja 2034. Kila kliniki ya wajawazito imwulize mama anapika kwa nini na wapi, kama inavyompima damu na uzito. Swali hilo halina gharama, na wakati wake ni kabla ya wiki ya 17.